Siku Moja na Betri za Raki ya Nyumbani, Mbezi Beach

Saa 1:30 asubuhi

Kazi inaanza kwa kipimo cha wati. Raki, yaani kabati la chuma la kupanga vifaa vya mtandao na seva, ni ya U 12 (U ni kipimo cha kimo chake), imewekwa stoo nyuma ya jiko. Kipimo ni kile cha kuchomeka ukutani: raki nzima inapita ndani yake, kisha kifaa kimoja kimoja. Leo kinasoma hivi: NAS, yaani hifadhi ya faili ya mtandao wa nyumba, ya diski nne wati 48, kompyuta ndogo mbili wati 22 kila moja, swichi ya PoE (inayolisha kamera umeme kupitia waya wa mtandao) yenye kamera 6 wati 58, rauta 11, kisanduku cha faiba 8. Jumla wati 169.

Namba hiyo ni ya mchana, na mchana unadanganya. Kamera zikiwasha taa zake za infraredi usiku, kila moja inaongeza kama wati 3, yaani 18 kwa zote sita. Kwa hiyo hesabu inafanywa kwa 187, na kipimo kitarudiwa gizani kabla ya kuondoka. Umeme ukikatika jioni au usiku, ndiyo saa ambayo kamera zinakula zaidi.

Usisome wati kwenye kibandiko cha adapta. Adapta iliyoandikwa wati 65 ni uwezo wake wa mwisho, wakati kompyuta yenyewe inatumia 22. Anayejumlisha vibandiko atanunua UPS, mashine ya betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika, mara tatu ya anayohitaji, na bado hatajua itashikilia kwa muda gani.

Saa 2:30 asubuhi

UPS iliyopo ni ile ya kupandisha na kushusha volti yenyewe, VA 1500. Mgongoni imeandikwa pia wati 900. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia, kwa sababu VA ni volti mara ampea, namba kubwa zaidi ya kuuzia. Kwa wati 187 uwezo upo tele. Ugonjwa uko ndani: betri mbili za volti 12, Ah 9 (Ah ni ampea mara saa, kiasi cha chaji), zimeunganishwa kwa mfululizo kupata volti 24, na zote mbili zimevimba ubavuni.

Kipimajoto kwenye rafu ya UPS kinasoma nyuzi 34. Hapo ndipo pesa ya betri inapoyeyukia. Betri ya risasi iliyofungwa hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Betri ya kukaa miaka 5 ikiishi kwenye nyuzi 35 inatoa miaka miwili na nusu, na ikiwa chaja ya UPS hairekebishi volti kwa joto, hata hiyo haifiki. Kwenye nyuzi 25 chaji ya kushikilia ni volti 13.5 hadi 13.8 kwa betri moja. Joto likipanda, volti hiyo hiyo inakuwa chaji ya kupita kiasi, maji ya ndani yanaisha na ganda linatuna.

Betri zilizotuna hukwama kwenye trei. Usizichokonoe na bisibisi ya chuma, maana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja utaona moto. Chomoa waya wa kuunganisha betri kwanza, fungua trei yote, kisha sukuma kwa kipande cha mbao au plastiki. Za zamani zinakwenda kwa wanaonunua betri chakavu za risasi, haziendi jalalani.

Saa 3:30 asubuhi

"Fundi, si uweke tu betri ya gari? Volti ni zile zile 12."

Swali hili linaulizwa karibu kila nyumba na linastahili jibu kamili. Kwanza, bosi, UPS hii inataka volti 24, kwa hiyo betri ya gari zingekuwa mbili. Pili, chaja yake ndogo inatoa kama ampea moja tu. Betri ya Ah 100 iliyoisha ingehitaji zaidi ya siku nne kujaa, na umeme ungekatika tena kabla ya hapo. Tatu, sehemu ya inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, ndani ya UPS ya aina hii imetengenezwa kwa dakika chache. Ikishikilia mzigo saa tatu mfululizo kwenye stoo ya nyuzi 34, transista zake zinaweza kuungua. Nne, betri ya gari yenye maji hutoa hidrojeni ikichajiwa, na stoo hii haina dirisha.

Kwa hiyo swali la kweli ni: kila kifaa kinatakiwa kuishi muda gani? Mwenye nyumba anataka intaneti na kamera zidumu saa nne. NAS na kompyuta mbili hazihitaji saa nne. Zinahitaji dakika za kutosha kufunga faili na kuzimika salama. Mara nyingi watu hulipia betri kubwa ili diski zizunguke gizani bila kazi yoyote, na mimi naona ni kutupa fedha.

Raki inagawanywa sehemu mbili. Upande wa seva ni wati 92, unabaki kwenye UPS ile ile na betri mpya. Upande wa mtandao, yaani swichi, kamera, rauta na kisanduku cha faiba, ni wati 95 usiku, unapata betri yake ya lithiamu. Hesabu: wati 95 mara saa 4 ni Wh (wati mara saa) 380. Gawanya kwa 0.88 kwa upotevu wa inveta, kisha kwa 0.8 ili betri isikaushwe, unapata kama Wh 540. Betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu, ya volti 12.8, Ah 50, ina Wh 640. Inatosha.

Kwa nini tusifunge inveta moja kubwa ya kVA 5 kwa kila kitu? Inveta ya ukubwa huo inaweza kula wati 50 yenyewe bila mzigo wowote, ambazo kwa saa nne ni Wh 200. Mzigo mdogo unataka inveta ndogo.

Saa 5:00 asubuhi

Sokoni Kariakoo, na multimita mfukoni. Betri ya risasi inakaguliwa dukani kwa mambo manne. Tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa hupoteza chaji ikikaa rafuni na huzeeka ikikaa bila kuchajiwa. Volti: ikisoma 12.7 au zaidi ni nzuri, ikisoma chini ya 12.4 iache, hata wakikupunguzia bei. Uzito: Ah 9 ya kweli ni karibu kilo 2.5 au zaidi kidogo, ikiwa nyepesi sana risasi ndani ni pungufu na maandishi ni ya uongo. Mwisho vichwa: UPS hii inataka bapa za milimita 6.35. Za milimita 4.75 zinaingia kwa kulegea, zinapata joto, zinayeyusha plastiki.

Zinanunuliwa mbili, za kampuni moja na tarehe moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu inajaa haraka na kuisha haraka, na mpya inaharibika kwa kuifuata.

Kwa lithiamu: inveta-chaja ya VA 1000 ya wimbi laini, yenye mpangilio wa lithiamu, na kitufe au menyu ya kuchagua kasi ya kubadilisha chanzo. Inveta nyingi zina hali mbili, ya vifaa vya nyumbani inayochukua kama milisekunde 20 na ya UPS inayochukua kama 10. Pawa saplai ya kompyuta hushikilia kama milisekunde 16 ikiwa na mzigo kamili. Ukiacha kwenye 20, kila umeme ukikatika kuna kifaa kitakachojiwasha upya na utadhani betri ni mbovu.

Saa 8:00 mchana

Kufunga. UPS inashushwa chini kabisa ya raki, kwenye hewa baridi na ili uzito usiangushe raki. Feni ya sentimita 12 inawekwa juu kutoa joto, na mlango wa stoo unatobolewa matundu chini. Kazi hiyo ndogo itaongeza umri wa betri kuliko jina lolote lililoandikwa juu yake.

Betri za UPS: chanya ya kwanza na hasi ya pili zinaungana, zilizobaki zinakwenda kwenye mashine. Cheche ndogo kwenye plagi ya mwisho ni kapasita zinajaa, usiruke.

Upande wa lithiamu, kebo ya milimita za mraba 25, fupi chini ya mita moja, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Mzigo wa leo unavuta kama ampea 9 tu, lakini fyuzi na kebo hupangwa kwa kile inveta inachoweza kuvuta: wati 800 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 75 ukihesabu upotevu. Chaji inawekwa volti 14.2, kushikilia 13.5, kukata chini 12.0. Chaji ya kusawazisha inazimwa kabisa. Hiyo ni dawa ya betri za risasi za maji, kwa lithiamu ni sumu.

Tahadhari moja: usisome asilimia ya LiFePO4 kwa volti. Kuanzia karibu kujaa hadi karibu kuisha inakaa kwenye 13 na pointi kidogo. Ukitaka asilimia ya kweli, funga kihesabu cha ampea chenye shanti, kipande kinachopima mkondo unaoingia na kutoka kwenye betri.

Saa 10:00 alasiri

UPS bila programu ni kengele tu. Waya wa USB unaingia kwenye kompyuta ndogo ya kwanza, yenye Linux, na NUT, programu ya kusikiliza UPS na kuzima mashine, inawekwa. Faili la ups.conf ni fupi:

[ups]
driver = usbhid-ups
port = auto
offdelay = 180
ondelay = 240

Jina "ups" lina sababu. NAS ya Synology ikiunganishwa na seva ya NUT hutafuta jina hilo hilo, mtumiaji monuser, nywila secret. Kwa kuwa nywila hiyo inajulikana na kila mtu, mlango (port) 3493 wa NUT unafunguliwa kwa mtandao wa ndani tu.

Upssched, sehemu ya NUT inayohesabu muda, inapewa sekunde 300: umeme ukikatika inaanza kuhesabu, ukirudi inafuta. Zikiisha inaita upsmon -c fsd, amri ya kuzima mashine zote, na hapo hakuna kurudi nyuma, hata umeme ukirudi sekunde inayofuata.

Sasa mahali ambapo mifumo mingi hufeli. Kompyuta iliyoshika USB haingoji NAS imalize kuzimika, inangoja tu ijiondoe kwenye orodha, jambo linalotokea mapema. Ikimaliza yenyewe, inaiambia UPS ikate. Kwa kawaida UPS ingekata baada ya sekunde 20, wakati NAS ya diski nne bado inaandika. Ndiyo maana offdelay, sekunde za kungoja kabla ya kukata, ni 180. Na ondelay, za kungoja kabla ya kurudisha, lazima iizidi.

Kisha BIOS, mipangilio ya msingi ya kuwaka, ya kompyuta zote mbili: umeme ukirudi, washa. Siyo "rudi hali ya mwisho", kwa sababu hali ya mwisho baada ya kuzimwa salama ni kuzimwa, na itabaki imezimwa mpaka mtu aje kubonyeza.

Saa 12:30 jioni

Jaribio. Zima swichi ya soketi, usichomoe plagi: swichi inakata umeme na kuacha waya wa ardhi ukiwa umeungana, ukichomoa unaondoa vyote.

Upssched inaanza kuhesabu. Dakika ya 5 amri inatoka. Dakika ya 6 kompyuta zimezimika, kama dakika ya 7 NAS imenyamaza. Hapo swichi inawashwa makusudi, kabla UPS haijakata. Huu ndio mtihani wenyewe: umeme kurudi katikati ya kuzimika. UPS lazima ikate hata hivyo, dakika ya 9, kisha irudishe, na kila mashine iamke yenyewe. Isipokata, seva zitalala na umeme upo ukutani. Leo imekata, na zote zimeamka. Kompyuta zimewahi kuliko NAS, kwa hiyo zinawekewa subira ya dakika tatu kabla ya kufungua folda zake.

Logi inaandika 18:30. Karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa raki inaandika saa 12:30 jioni, pamoja na tarehe ya betri na mpangilio wa chaji. Jaribio la kukausha betri ili UPS ijue muda wake halifanywi leo, betri zichaji kwanza usiku mzima.

Saa 2:15 usiku

Volti ya ukutani imeshuka hadi 204, majirani wamewasha viyoyozi. UPS inapandisha yenyewe bila kugusa betri, relei inalia mara moja tu. Kulikuwa na kilinda friji kati ya soketi na UPS, kimeondolewa: kinakata volti zikishuka na kusubiri kabla ya kurudisha, hivyo kilikuwa kinamaliza betri jioni ambazo umeme haujakatika. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, imebaki na yuniti 11. Zikiisha usiku, kwa UPS ni sawa na umeme kukatika, na hakuna betri itakayoshinda hilo asubuhi.

Kipimo kinarudi upande wa mtandao, kamera zote gizani: wati 96. Kati ya Wh 640 za betri, ukitoa akiba na upotevu (mara 0.8, mara 0.88), ni Wh 450 zinazotumika, gawa kwa 96, saa nne na nusu na ushee.