Eti mimi sina njaa

Jamani mwenzenu tangu Jumanne kuna neno limenikaa hapa kooni halishuki. Kibali kimetoka, binti kafaulu mitihani, namshukuru Mungu kwa yote mawili, ila kichwa changu chote kipo kwa bibi wa Kihispania ninayekaa naye hapa Madrid.

Siku hiyo nimetoka kwenye foleni ya vibali, sijatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na hapa Madrid chakula cha mchana ni saa nane na nusu, saa tisa, cha usiku ndo usiseme, mpaka saa nne. Nikaingia jikoni nikasema me muero de hambre, nakufa njaa, vilevile ningesema nyumbani. Bibi alikuwa anachambua dengu. Akasimamisha mkono juu ya sahani, akaniangalia. "No, hija. Tú tienes ganas de comer." Hapana mwanangu, wewe una hamu ya kula tu. Akarudi kwenye dengu zake.

Iliniuma sana. Mimi wa Dodoma, niliyekua na ugali wa yanga mwanzoni mwa miaka ya 80, ule unga wa njano toka Marekani, tunapanga mawe kwenye foleni usiku ili tusipoteze nafasi dukani, leo naambiwa nina hamu ya kula? Na mjukuu wake kila akija anatupa begi anasema tengo un hambre que no veo, njaa mpaka haoni, na siku nyingine eti anaweza kula ng'ombe mzima, wala hajibiwi kitu, anapakuliwa. Mbona mimi nirekebishwe? Naosha vyombo nausikia ule mkono ukisimama, nalala nausikia.

Sasa Alhamisi namenya viazi, akaanza mwenyewe kusema maganda hayo walikuwa wanayakaanga. Kazaliwa La Mancha, hukuhuku Hispania, vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ikipiganwa, na ilipoisha 1939 ndo ikaja los años del hambre, miaka ya njaa, chakula kwa kadi ya mgao mpaka 1952. Mama yake alikuwa anasonga gachas, uji mzito wa unga wa almorta, ni jamii ya kunde, ila ukiula kila siku kwa miezi unalemaza miguu, na jirani yao mmoja ulimfanya hivyo, hakutembea tena. Halafu akaniuliza, baba yako alikuwa anafanya kazi gani? Nikamwambia mwalimu. Akacheka mpaka akashika meza: "¡Más hambre que un maestro de escuela!" Kwao ni msemo, mtu ana njaa kumshinda mwalimu wa shule, maana zamani walimu walilipwa na halmashauri za miji, hela inachelewa au haiji kabisa, hadi serikali kuu ilipoichukua mishahara yao 1901.

Nikamsimulia Baba alivyokuwa anatusogezea sahani yake, anasema yeye kashashiba shuleni, na shule yenyewe haikuwa na chakula. Bibi akanyamaza. Akasema entonces sí, basi kweli wewe unaijua, akanishika kiganja na vidole vina unga wa viazi. Nililia jamani, na nilifurahi.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni fundi wa bati, hela yote ya paa la Mama kachukua, mvua Dodoma ndo hizo zinakaribia, na simu yake haipatikani.