Siku niliyopika juu ya maboksi

Nianze na binti ya khalati yangu, anayekaa fletini Nyali. Aliposikia nataka kulitengeneza jiko la nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, alinirushia picha hamsini kwenye simu, zote jiko na sebule ni kitu kimoja. "Dada, bomoa ukuta huo, nyumba ipate hewa." Ukuta anaousema una unene wa inchi 20, ni mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake zimelala boriti za mikoko zilizobeba chumba cha mama mkwe wangu. Nikamuuliza, mama alale wapi? Kimya. Tena mimi hukaanga ng'onda. Harufu ya ng'onda nani anaitaka kwenye mito ya sebuleni?

Ushauri wake sikuufuata, lakini msinione mjanja, kwani wa jirani niliufuata na ukaniponza. Kuta za jiko zilikuwa zikipukutika unga mweupe kila ukizipangusa. Jirani akaniletea fundi kijana, mwepesi wa maneno, akagonga ukuta mara mbili akasema, "Mama, hii chokaa imezeeka. Tupige plasta ya saruji, tuvike vigae mpaka juu, utasahau mambo haya." Siku tano kazi imekwisha. Vigae vyeupe, vinang'aa kama hospitali. Nilialika watu waje waone! Wallahi niliwaalika.

Haikufika miezi minne. Kwanza ukivigonga vinalia utupu, kama ngoma. Kisha mstari wa chini ukatoka tumbo, kidogo kidogo, nami najifanya sioni. Asubuhi moja nimebandika mbaazi, tui zito limeanza kuchemka, mahamri yamo kwenye karai, nikasikia ukuta unakoroma. Kigae kimoja kikang'oka, kikatumbukia ndani ya sufuria ya mbaazi wima, kikasimama humo kama kijiko. Kabla sijakitoa, vyenzake sita vikafuata na plasta yao. Mume wangu akachungulia mlangoni, akatazama sufuria, akatazama ukuta, akasema, "Leo basi nitanunua chai nje."

Aliyenifungua macho ni mwashi mzee aliyezitengeneza nyumba nyingi za Mji wa Kale. Hakugonga chochote. Alikwangua ukuta kwa ukucha, akaniambia, "Onja." Mtu mzima, nikaulamba ukuta wa jiko langu. Chumvi tupu! Akanieleza kwamba matumbawe yametoka baharini, na ukuta wenyewe hunyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuachia unyevu utoke polepole. Saruji huufungia ndani, chumvi ikaganda nyuma yake, ikavimba, ikasukuma chochote kilicho mbele. Elfu sitini na ushei zangu zilisukumwa na chumvi.

Tukabandua saruji yote. Na hapo ndipo nilipopata zawadi: nyuma ya plasta, karibu na dirisha, palikuwa na kidaka kilichozibwa kwa vifusi, sijui tangu enzi za nani. Tulikizibua, na leo ndicho kinachokaa iliki, mdalasini na bizari zangu. Rafu ya bure. Chokaa mzee aliiloweka wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Ilipokuwa tayari akachanganya kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na mchanga wa ufukweni akaukataa katakata kwa sababu ile ile ya chumvi. Anapiga tabaka jembamba, anafunika magunia mabichi, anakwenda zake. Ukimharakisha anakaa chini anakunywa kahawa. Nyuma ya jiko la gesi, badala ya vigae, nimesimamisha bati lisiloshika kutu, limeachana na ukuta kwa upana wa kidole ili hewa ipite. Hilo la bati ni langu mimi, mzee alicheka lakini hakulipinga.

Sasa maboksi. Nilipoungua mara moja, sikutaka seremala akate ubao hata mmoja kabla sijajua nataka nini. Nikaenda Marikiti nikaomba maboksi matupu na kreti za mbao, nikachora sakafuni kwa chaki mahali pa kila kitu, nikayapanga maboksi kama kaunta, nikaweka na kreti mahali pa friji. Kisha Ijumaa nikapika humo biriani ya watu kumi na wawili. Nyumba nzima walidhani nimerukwa na akili.

Lakini siku ile moja ilinifunza kuliko picha hamsini. Mlango wa friji ungegonga mlango wa uani. Pipa la maji sikulipa nafasi kabisa, nami nakaa Mombasa, mfereji unatoka ukipenda, siku nyingine ni mitungi ya hamali na mkokoteni. Pipa likapewa pembe yake kando ya sinki. Mama mkwe naye aliingia na mbuzi yake, akatafuta pa kukaa akune nazi, akakosa, akaketi katikati ya "kaunta" na "jiko" na hakuna aliyeweza kupita. Michoro yote ikafutwa. Sasa kuna uwazi wa futi tatu chini ya dirisha, hauna kabati, ni wa mbuzi na mwenyewe.

Na urefu wa kaunta! Seremala alishikilia futi tatu, "ndiyo saizi." Mimi ni mfupi. Nilipanga maboksi na matofali, nikakanda unga wa chapati juu yake, nikapunguza, nikakanda tena, mpaka mabega yakaacha kupanda. Futi mbili na inchi nane. Akaandika akinuna.

Kabati za dukani nilizipenda, bei nafuu, lakini mzee aliposhusha timazi tuliona ukuta umeinama inchi tatu kutoka juu hadi chini. Kabati iliyonyooka ingeacha pengo la kupita paka. Basi zote zikachongwa papo hapo, za kusimama, hakuna ya kuning'inia, kwani matumbawe hayashiki msumari. Dirisha la kichochoroni nilitaka kulipanua, lakini mji huu umehifadhiwa na kugusa sura ya nje kunataka kibali, nikaliacha lilivyo, nikalipaka rangi tu.

Jumla sijui hasa. Ukitoa zile za vigae, labda laki mbili na nusu, labda tatu. Risiti mume wangu ndiye aliyezihifadhi, na simuulizi.

Droo ya tatu haifungi wakati wa masika, mbao hufura. Seremala anasema atakuja. Humo ndimo mama mkwe anamoficha mifuko yake ya plastiki ya tangu kabla ya marufuku ya 2017, hivyo sote wawili hatuna haraka ya fundi kuifungua.