Phoenix yangu imeenda Coco

Jumapili iliyopita nimefanya kitu ambacho nimekiahidi tangu mwaka jana, baiskeli yangu ya gia nikaiacha ndani nikaenda ufukweni Coco na Phoenix, baiskeli ya kizamani. Wale tunaopiga nao misele mnajua utaratibu wetu, saa kumi na mbili kasoro watu washajaa, baiskeli zimeegemezwa ukutani kama mabibi harusi wanasubiri mpiga picha, upande wa cheni ndo unaangalia kamera, pedeli inalazwa sawa na fremu, chupa ya maji inatolewa eti inaharibu mwonekano. Hapo bado hatujaendesha hata mita moja. Halafu ndo yanaanza, huyu kabadilisha ringi kaweka za kaboni, yule gia zake sasa ni za umeme unabonyeza tu kitufe inajibadilisha yenyewe (na ukisahau kuchaji unarudi Mbezi na gia moja, imeshamtokea mtu simtaji), mwingine kabadilisha boliti za siti kaweka titaniamu apunguze gramu sijui ngapi, na muda huohuo mgongoni ana kibegi cha chapati.

Siwacheki, mimi mwenyewe niko hivyohivyo. Nimeshawahi kusimama pale daraja la Tanzanite nusu saa nzima natafuta picha ambayo baiskeli yote inaonekana na bahari nyuma na hakuna bodaboda inayopita katikati.

Ila mimi nimekulia Shinyanga, na ndo maana kila nikiwasikia wana wanajisifu najisemea moyoni hawa bado sana. Maringo ya baiskeli nimeyaona kwetu. Ukifika mjini pale ukisema nataka daladala unaletewa baiskeli, sio gari, baiskeli yenye keria limetandikwa godoro la sponji na kava la rangi, unapanda unapelekwa Ndala au Ngokolo. Sasa hao vijana wa daladala baiskeli ndo ofisi yao na ndo suti yao. Fremu inazungushiwa utepe wa plastiki kuanzia bomba la juu mpaka chini, rangi isichunike, kwa hiyo kuna mtu anamiliki baiskeli miaka kumi na rangi yenyewe hajaiona tena tangu alivyoinunua. Spoki zinavalishwa vishanga, kwenye madigadi ya nyuma kinaning'inia kipande cha mpira kimeandikwa maneno, mbele taa ya dinamo hata kama haiwaki, vioo viwili kama pikipiki, maua ya plastiki kwenye usukani. Na jioni inafutwa kwa kitambaa na mafuta kidogo. Baba mdogo wangu alikuwa na kitambaa maalum cha baiskeli, ukikutwa umefutia kitu kingine siku hiyo kula utakula ila kwa maneno.

Hii Phoenix ni ya kwake. Aliiacha baada ya kununua pikipiki, ikakaa stoo chini ya magunia, mimi nilienda msibani mwaka juzi nikaiona nikamwomba, akanambia chukua lakini usiniuzie. Nikaipandisha kwenye basi mpaka Dar, na nauli ya mzigo niliyolipa bora nisiitaje maana wife anasoma hapa.

Kwa asiyezijua, Phoenix ni ya Shanghai, lakini umbo ni lilelile la Raleigh za Mwingereza za zamani, tairi kubwa za 28, breki za vyuma badala ya waya, na foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) imelalia mbele sana. Hiyo foku ndo siri. Kwenye hizi za mbio foku imesimama, ukigusa tu usukani imegeuka, barabara ya lami raha, ila kwenye makorongo inakutupa. Phoenix inaenda kama meli, haina haraka ya kugeuka, tuta likija inalimeza, ndo maana unaweza kupakia gunia la mkaa au mama na mtoto na usukani usicheze. Kuna Hero na Avon pia, hizo zinatoka Ludhiana India, na ubishi wa Phoenix na Avon kwetu ni kama Simba na Yanga, mimi nishachagua upande wangu msinianze.

Ringi yangu ya mbele ina spoki 32, ya nyuma 40. Arobaini! Jamaa yangu mmoja hapa ringi yake ya nyuma ina 24 na bado anaenda polepole kwenye matuta kama amebeba mayai.

Kuitengeneza ndo ilikuwa kazi. Rangi sijaigusa, iache ilivyo. Gololi zote nimebadilisha, habu mbele na nyuma, za kwenye mikono ya pedeli pia, grisi mpya. Kota pini, vile vipini vinavyobana mikono ya pedeli, zilikuwa zimeliwa, ndo maana ukikanyaga unasikia tk, tk, kila mzunguko, fundi mwingine atakwambia ni cheni, mwingine ni pedeli, usibishane nae mwambie tu atoe kota pini aziangalie. Cheni mpya. Mbele ina meno 48 nyuma 20, gia moja hiyohiyo uipende usiipende, pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita tano na kitu, tambarare iko sawa kabisa, mlima unashuka unasukuma na hakuna aibu kwa sababu hata kwetu wanasukuma.

Lakini tairi ndo zilinitoa jasho na hapa nisikilizeni vizuri kama mna mpango wa kufufua ya mzee. Nilienda Kariakoo nikasema nataka tairi za 28, jamaa akatoa mbili safi zimeandikwa 28, nikalipa nikaondoka. Nyumbani haziingii. Nikapaka sabuni, nikatumia vijiko, kijiko cha kwanza kikapinda, cha pili kikapinda, fundi wa mtaani kwetu akaja akajaribu nae akatukana tukapumzika. Kumbe 28 sio za aina moja tu! Hizi za kisasa ringi yake ni milimita 622, ya Phoenix ni 635, tofauti ni milimita 13 tu, ukiangalia kwa macho ni kitu kilekile ila tairi haikubali hata umpigie magoti. Yenyewe inaandikwa 28 x 1½, hiyo nusu ndo ya kuangalia. Nilivyorudisha muuzaji akanambia ushaichafua na sabuni kaka, hairudi. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya 700, ndo hizo za 622, aje nina tairi mbili mpya zina harufu ya sabuni ya unga.

Baada ya hapo nikataka kujua uzito. Hawa wenzangu kila mtu anajua uzito wa baiskeli yake mpaka baada ya nukta, na wanapenda kutaja kwamba kwenye mashindano ya kimataifa baiskeli hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8, wanataja kwa huzuni kabisa kama vile wao hiyo sheria ndo inawazuia kuchukua Tour de France. Mizani ya bafuni ilinizingua, nikaenda kwa jamaa wa vyuma chakavu. Akaipandisha, ikasoma 21 na nusu. Yaani unapata tatu za Tour na chenji juu. Nikapiga picha mizani, nikashukuru, naanza kuondoka yule kijana akanambia, "Sasa bro, si ungeiacha tu, nakupa bei ya juu."

Sijampitia tena.

Haya, Jumapili. Nimefika Coco nimevaa suruali na kandambili, maana na kandambili ndo inaendeshwa, nikaiegemeza mwisho wa mstari karibu na moja ambayo naijua bei yake na ningeijua mapema nisingesogea karibu. Mwanzo kicheko, "leo umekuja na mkweche gani kaka," "maziwa umeyaacha wapi." Baadae wakaanza kuinama. Mtu anainama kwenye breki anafuata vyuma kwa kidole toka kwenye usukani mpaka kule chini kwenye ringi, anauliza sasa inabana wapi, namwonyesha kwamba haibani pembeni, inavutwa juu inakanyaga ringi kwa ndani. Kimya. Nikaona simu zinatoka.

Mzee wetu wa kundi, yeye kastaafu, akaja akaishika siti akaitikisa, akasema mimi nilikuwa na Swala. Vijana wakaangaliana. Ikabidi awaeleze kwamba nchi hii ilikuwa na baiskeli yake, Swala, ya kiwanda cha NABICO hapahapa Dar, na yeye alikuwa anaiendesha kwenda kazini miaka ya themanini. Mmoja akauliza ilikuwa na kilo ngapi mzee. Akamjibu, "Tulikuwa hatuipimi sisi, tulikuwa tunaipanda." Baadae nilimwona kachukua kitambaa chake cha jasho anafuta ile nembo ya ndege pale mbele, kimyakimya, wenzie wameshahamia kwenye habari za Biniam Girmay, yule mwendesha baiskeli wa Eritrea, ile jezi ya kijani ya Tour de France ya 2024, na nani kati yao angeiweza ile milima ya Kigali kwenye mashindano ya dunia.

Akatokea mwenye kaboni akaomba kuijaribu. Nikampa na onyo, kumenyunya asubuhi, ringi ni ya kroma, ikiloa breki inakuwa ni ushauri tu. Hakusikia. Akakaa wima kama mwenyekiti wa kijiji, akapiga kengele, akapotea. Tukamwona anarudi kwa spidi, uso umebadilika, vidole vimekamata vyuma vyote viwili, akatupita, akawapita wauza mihogo, akaenda kusimama mbele kule kwa miguu, kiatu kimoja cha klipu kikabaki nyuma barabarani.

Akarudi anaisukuma, anahema. Nilidhani ataongelea breki. Akaangalia lile keria, akalipiga kofi mara mbili, akauliza, "Hili linabeba kiasi gani?"

Nikamwambia gunia. Akaiangalia ya kwake pale ukutani, akaniambia Jumamosi ana ndizi za kutoa Mapinga kwa shemeji yake, mikungu miwili, kama naweza kumwazima.

Nimemwazima, ila tubadilishane. Ile ya kwake iko hapa sebuleni tangu jana jioni, wife anauliza ni ya nani na mimi najifanya nafunga viatu.