Snea ya mninga: jinsi nilivyozuia nyaya kukwaruza

Snea hii ya inchi 14, yaani ngoma yenye nyaya zinazogusa ngozi ya chini, ilijengwa Iringa kwa kufuata sura ya Radio King za zamani, snea za kampuni ya Slingerland ya Marekani: mwili mnene, pete za kuimarisha, kingo za mviringo. Zile za asili ni ubao mmoja uliokunjwa kwa mvuke. Hii ni vipande 20 vya mninga vilivyogundishwa, kila ubavu ukikatwa kwa pembe ya nyuzi 9.

Ikipigwa polepole, nyaya zilikwaruza. Kuzikaza zaidi kuliua sauti tu. Kasoro ilikuwa ukingo wa chini: ulikuwa tambarare mzunguko mzima, hivyo ncha za nyaya zilikalia ukingo na katikati hazikugusa ngozi sawasawa.

Nilichonga mabonde mawili yanayotazamana, pale kamba zinazoshikilia nyaya zinapopita. Tupa ya nusu duara, kina milimita 1.5 katikati, kikififia taratibu ndani ya upana wa sentimita 10, kisha msasa namba 220. Usizidishe kina, ngozi nyembamba ya chini itakunjamana. Kagua kwa kuweka ukingo juu ya kioo bapa, tochi ikiwa ndani ya ngoma: mwanga upenye kwenye mabonde tu.

Na mninga ukauke kwanza! Upime uzito kila wiki, hasa masika, mpaka usibadilike.