Nilivyokaa na dokta tukapata dawa za sukari ninazoweza kuishi nazo barabarani

Wenzangu wa usukani wameniuliza sana nimefanyaje mpaka siku hizi nameza dawa zangu bila kelele, maana wananijua nilivyokuwa nalalamika, basi naandika yote hapa mara moja.

Mi ni dereva wa masafa marefu, nina kisukari aina ya pili na presha, yaani vyote ni vya kudumu, ukishavipata ndo mnaishi navyo. Dawa zangu zilikuwa metformini ya kawaida asubuhi na jioni, glibenklamaidi asubuhi, halafu vidonge viwili tofauti vya presha. Kwenye karatasi ya dokta inaonekana kitu kidogo tu. Ila metformini ya kawaida inavuruga tumbo kwa watu wengi, na tumbo likichafuka katikati ya safari una mzigo nyuma hakuna pa kusimama. Glibenklamaidi nayo inalisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala, ukichelewa kula tu sukari inashuka, jasho linakutoka, mikono inatetemeka, akili inakuwa nzito, sasa weka hiyo hali na usukani wa gari kubwa.

Kwa hiyo siku za safari nilikuwa naruka. Na siko peke yangu, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003 ilisema kwenye nchi tajiri wastani wa wagonjwa wa muda mrefu kufuata dawa zao ni kama asilimia 50, na kwenye nchi maskini ni chini ya hapo. Nusu! Watu wanadhani ni usahaulifu au ubishi. Mi sijawahi kusahau dawa hata siku moja, nilikuwa nazitazama kabisa naziacha.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ile HbA1c, kikaja asilimia 8.6. Dokta akasema dozi haitoshi tuongeze. Nikaomba nikajipange kwanza, maana kuongeza dozi ya kitu ambacho simezi niliona ni hesabu ya ajabu.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, anasoma uchumi wa afya chuoni. Mi nilidhani uchumi wa afya ni mambo ya bajeti za wizara. Akaniambia mjomba, wewe hizo dawa unaziruka kwa sababu bei yake kwako ni kubwa, na bei yenyewe sio ya famasi. Unalipa kwa tumbo, unalipa kwa hofu, unalipa kwa tripu unazokosa. Halafu akanieleza kwamba kuna watafiti kazi yao ni kupima mgonjwa anapendelea nini kwenye matibabu na yuko tayari kuachia nini ili akipate, wanampa chaguo mbili mbili aseme anachukua ipi, kisha mahesabu yanaonyesha kipi kina uzito kwake. Msingi wa mahesabu hayo ni kazi ya Daniel McFadden, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, na yeye alianzia kwenye kutabiri watu watachagua usafiri gani, gari binafsi, basi au treni. Nikacheka, kumbe imetokea kwetu barabarani.

Basi tukakaa mezani tukakata karatasi. Hatukuwa na mahesabu yoyote ya kitaalamu, ni kuchagua tu. Kila karatasi ilikuwa na matibabu ya kubuni: unameza mara ngapi kwa siku, sukari inashuka ghafla mara ngapi, tumbo likoje, unakojoa sana au kawaida, kuna sindano au hakuna, uzito unapanda au unashuka, pesa inatoka kiasi gani kwa mwezi, na HbA1c inashuka kwa kiasi gani. Hakuna karatasi nzuri kila upande, hapo ndo utamu wake, lazima upoteze kitu. Ukimuuliza mtu hivihivi unataka sindano? atakataa. Unataka dawa ghali? atakataa. Atakataa kila kitu na hujajifunza lolote. Ila ukimwekea karatasi moja ina vidonge mara mbili kwa siku na sukari inashuka ghafla mara moja kwa mwezi, na nyingine ina sindano mara moja kwa wiki na sukari haishuki ghafla kabisa, hapo anachagua.

Mi nilichukua ya sindano bila hata kufikiria. Mimi! Niliyekuwa nawaambia watu siku nikiandikiwa sindano naacha kliniki. Tulivyoendelea ikaonekana wazi, kitu cha kwanza kwangu ni sukari isinishukie nikiwa naendesha, cha pili ni choo, yaani tumbo na mkojo vyote kwa pamoja, cha tatu ni kumeza mara moja tu na iwe jioni nikiwa nimeshapaki. Pesa ilikuja ya nne. Sindano na uzito vilikuwa huko chini kabisa.

Mke wangu alikuwa anasikiliza, akasema na mimi mnipe karatasi. Yake ilikuwa fupi, anataka kulala usiku mzima bila kuniamsha na kunishika shika kuangalia kama nimelowa jasho. Mpwa akasema hiyo nayo inaingia, mzigo wa ugonjwa unawafikia na wanaokutunza hata kama hawamezi kidonge chochote, ila kwenye tafiti nyingi unasahaulika.

Kwenye pesa ndo nilishtuka zaidi. Tulitenga matumizi kwenye mafungu, la kwanza ni pesa inayotoka mfukoni moja kwa moja, dawa, vipimo, kumuona dokta. La pili ni hasara isiyo na risiti, safari nilizowaachia wenzangu kwa sababu sikujiamini, siku nzima ya kukaa foleni kliniki, nauli. Fungu la pili lilizidi la kwanza kwa mbali. Yaani ile dawa ya bei rahisi ndo ilikuwa inanila zaidi, na mimi mwenyewe ndo niliyekuwa nawaambia watu glibenklamaidi ni nzuri kwa sababu haina gharama.

Ila isije ikaonekana kwamba ukitoa tatizo la pesa basi kila mtu atameza. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2011, walichukua watu waliotoka kupata shambulio la moyo, kundi moja wakapewa dawa za kinga bure kabisa na lingine wakaendelea kuchangia kama kawaida. Waliopewa bure walimeza zaidi, ndio, lakini tofauti ilikuwa pointi chache tu za asilimia, wengi bado hawakumeza inavyotakiwa. Watu wenye moyo uliokwishagonga kengele, na dawa za bure!

Kuna kitu kingine mpwa alinieleza kikanikaa, QALY. Mwaka mmoja wa kuishi na afya kamili unahesabiwa 1, mwaka wa kuishi na maumivu au ulemavu unahesabiwa pungufu, labda 0.7, halafu wanaangalia dawa inaongeza QALY ngapi na kwa pesa ngapi. Uingereza wana taasisi inaitwa NICE, ilianzishwa 1999, na kwa miaka mingi kipimo chao kilikuwa pauni 20,000 mpaka 30,000 kwa QALY moja, dawa ikizidi hapo inapata shida kupitishwa. Hiyo 0.7 wanaipataje? Njia mojawapo wanamuuliza mtu, utaishi miaka 10 na hali hii, au unakubali kuishi miaka pungufu ya hiyo lakini mzima kabisa, utakubali ipungue mpaka mingapi? Ukikubali 7, ndo 0.7 hiyo.

Sasa sikiliza hili, mara nyingi wanaoulizwa ni wananchi wa kawaida, wengi hata huo ugonjwa hawana. Hoja yao ni kwamba pesa ni ya umma basi umma useme. Naielewa. Lakini asiye na kisukari anakiogopa kuliko sisi tulionacho, inajulikana kwenye hizo tafiti kwamba mgonjwa akishazoea hali yake huwa anaipa alama nzuri kuliko mtu wa nje anavyoipa. Na ile fomu inayotumika sana kupima hali ya afya ya mtu, EQ-5D, ina maswali matano, kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Hakuna swali hata moja la unameza vidonge vingapi au unasimama njiani mara ngapi kutafuta choo. Kwa mtu anayemeza dawa maisha yake yote hilo ni pengo, mi sioni kama ni jambo dogo.

Ulitoka pia uchambuzi Marekani 2014 kuhusu kisukari aina ya pili, ukaonyesha kwamba faida ya kuishusha sukari inategemea sana umri wa mgonjwa na jinsi yeye mwenyewe anavyouona usumbufu wa matibabu. Kwa mzee ambaye matibabu yanamchosha, faida inaweza kumezwa yote na usumbufu. Mi sijafika umri huo, na hapa niseme vizuri asije mtu akaacha dawa kwa ajili yangu: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 1998 ulifuata watu zaidi ya elfu tano wenye aina hii ya kisukari, waliobanwa sukari wakawa na wastani wa HbA1c wa 7.0 na wenzao 7.9 kwa miaka kama 10, waliobanwa wakapata pungufu ya robo kwenye madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo. Dereva bila macho ni nani? Kwa hiyo kushusha sukari halikuwa jambo la kujadili, nilichoenda kujadili ni njia ya kuishusha.

Nikarudi kliniki na karatasi moja tu, mistari minne kwa mpangilio, wa nne ukiwa wa pesa, na chini nimeandika ukweli: siku za safari sinywi glibenklamaidi na metformini naruka ya asubuhi. Dokta alianza kwa haraka kama kawaida yao na foleni ile, alipofika huo mstari wa chini akaweka kalamu. Akasema mzee hii 8.6 basi sio ya dozi, ni ya nusu dozi. Nikamwambia ndio dokta, ndo maana nilikataa kuongeza.

Tukapitia moja moja. Glibenklamaidi akaitoa pale pale. Akataja kundi la dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, akasema ni nzuri sana kwa moyo na figo, ila utakojoa zaidi na fangasi za sehemu za siri zinaweza kukusumbua. Mstari wangu wa pili ukaikataa. Yeye hakufurahi, akasema vipimo vyako vya figo na moyo viko sawa kwa sasa ndo maana nakubali, vikibadilika tutarudi hapa. Akataja sindano ya wiki mara moja, hiyo nilikuwa tayari, lakini bei yake ilivuka kile nilichoandika kwenye mstari wa pesa, na kichefuchefu cha mwanzo kingenikuta safarini. Tukatua kwenye sitagliptini iliyochanganywa na metformini inayoyeyuka polepole, mara moja kwa siku, jioni na chakula. Akaniambia wazi hii haina nguvu kubwa, ila ni nadra kushusha sukari ghafla na tumbo litatulia. Presha naye akabadilisha vidonge viwili kuwa kimoja chenye dawa zote mbili ndani.

Dawa mpya ni ghali kuliko ya zamani, sidanganyi. Tulipoifidia ni hapa: nikiwa natumia glibenklamaidi nilikuwa najitoboa kidole kila mara kuangalia kama sukari imeshuka, na vile vipande vya kupimia vinakula pesa kimyakimya. Dokta akasema kwa dawa hizi mpya, na kwa kuwa hutumii insulini, huna haja ya kujitoboa kila siku, pima ukijisikia vibaya au ukiumwa, mengine tutayaona kwenye HbA1c. Halafu nikaomba dawa za miezi mitatu kwa mkupuo badala ya kurudi kila mwezi, akakubali, hapo nikaokoa siku za kazi. Ukijumlisha na tripu nisizoziacha tena, nimebaki na pesa zaidi ya mwanzo.

HbA1c iliyofuata ilikuwa 7.4. Dawa yenye nguvu ndogo imenishusha kuliko ile kali, kwa sababu hii naimeza. Tumbo lilichukua muda kutulia ila limetulia. Mke wangu analala.

Msininakili lakini. Mwenye moyo ulioanza kuchoka au figo zenye shida zile dawa za mkojo zinaweza kuwa ndo zake, avumilie choo, na anayeshinda nyumbani hajali kusimama mara ngapi. Kata karatasi zako, pangilia zako, na ule mstari wa chini uuandike kweli, dokta hawezi kukuchagulia vizuri akidhani unameza.

Kwangu kinachofuata ni kipimo cha mkojo cha kila mwaka kuangalia protini, maana hiyo ni dalili ya figo kuanza kuchoka. Ikionekana, dokta kashaniambia mstari wangu wa choo ndo wa kwanza kukatwa, na mi nimekubali, sema hapo nitaomba safari fupi.