Nakutakia jiwe

Mwaka wa kwanza wa shahada yangu ya elimu maalumu ulikuwa wa kukariri. Tulikariri Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na aina za ulemavu moja baada ya nyingine. Mitihani tulifaulu. Ila ungetuletea mtoto mmoja asiyeona ukatuachia darasani, sijui tungeanzia wapi.

Kisha likaja somo la nukta nundu, yaani breli, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na mwalimu wake mwenyewe alikuwa haoni tangu utotoni. Aliweka mashine ya breli mezani, akasema hakuna kuigusa mpaka tujue kuandika kwa kibao. Mashine ina vitufe sita vya nukta. Ukibonyeza, nukta zinatokeza juu na unazisoma papo hapo. Lakini ni nzito, ni ghali, na watoto wengi tutakaowafundisha hawataipata.

Kibao kina mambo yake. Unabana karatasi ngumu katikati, unadidimiza nukta kwa kalamu ya chuma, nazo zinatokeza upande wa pili. Kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza: nukta ya kwanza, ambayo msomaji ataikuta juu kushoto, wewe unaiweka juu kulia. Baada ya mistari michache kidole kinauma na kichwa kinazunguka.

Tukiwa tunahangaika hivyo, akatusimulia habari za Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi huko Ufaransa. Alijichoma jicho kwa chombo cha babake akiwa na miaka mitatu, maambukizi yakala na la pili. Mfumo wake wa nukta nundu ulichapishwa 1829, akiwa na umri wa miaka 20. "Na chombo chenyewe kilikuwa cha ncha, kama hicho mlichoshika," mwalimu akasema, akacheka peke yake.

Zoezi lilikuwa kila mmoja amwandikie barua fupi, naye ataisoma kwa sauti mbele ya wote. Huo, kwa maoni yangu, ulikuwa uchokozi wa makusudi.

Alisoma kwa mikono miwili. Wa kulia ulipokuwa unamalizia mstari, wa kushoto ulikuwa umeshatangulia kuutafuta unaofuata. Kwenye barua ya dada mmoja wa mbele alisimama ghafla. "Hapa ulitaka kuandika nini ukaghairi?" Kumbe yule dada alikuwa ameikandamiza nukta kwa ukucha mpaka ikalala kabisa. Tuliikagua karatasi kwa macho, hatukuona kitu.

Ikafika zamu ya jirani yangu wa dawati. Barua yake ilikuwa ya adabu tupu, shikamoo na shukrani, mpaka mstari wa mwisho. Mwalimu akaupitisha kidole, akarudi, akaupitisha tena.

"Kijana, nimekukosea nini hata unitakie jiwe?"

Darasa likaangua kicheko. Jirani yangu akasimama. "Mwalimu, nimeandika heri!"

Akaitwa ubaoni achore nukta. Barua nzima alikuwa amezigeuza herufi zake vizuri, ila neno la mwisho, kwa uchovu, aliziandika zilivyo kitabuni. H isipogeuzwa inasomeka j. E inakuwa i, r inakuwa w, i inakuwa e. Herufi kama a au k ukisahau kuzigeuza hazisomeki kama herufi yoyote, msomaji anajua mara moja kuna kosa. Hizi nne kila moja ina pacha wake, naye alikuwa amechagua neno lenye hizo nne tupu. Bahati mbaya ya namna hiyo sijaiona tena.

Hakukubali kukatwa alama. "Lakini mwalimu, si umeelewa nilichokusudia?"

"Mimi nimeelewa kwa sababu makosa yenu nimeyasoma miaka mingi. Mtoto wa darasa la kwanza ataelewa jiwe. Atakwenda nyumbani awaambie wazazi wake kwamba mwalimu kamtakia jiwe."

Alama zikakatwa, na akaamriwa ajaze ukurasa mzima wa neno heri. Aliuleta kesho yake, vidole vimevimba. Mwalimu akaupitia mstari kwa mstari mpaka chini, akamrudishia.

"Umejitahidi. Ila kuna mawe mawili yamebaki mstari wa nane."