Watumishi Walijua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yohana 2:1-11, harusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya somo hili yalihusu divai. Safari hii macho yangu yamekwama kwenye maneno ya mstari wa 9: mkuu wa meza hakujua divai ilikotoka, "lakini watumishi walijua, wale walioyateka yale maji."

Yamekwama hapo kwa sababu ya harusi ya mpwa wangu.

Ibada ya ndoa ilikuwa Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana la Unguja, na sherehe ikapangwa ufukweni Jambiani. Mwezi mzima kamati ilihangaika na michango, kisha kazi yote ikakabidhiwa mratibu mmoja, binti wa umri wa watoto wangu. Ijumaa tuliposhuka bandarini, wazee kwa wadogo, basi halikuwapo na simu yake ilikuwa ikiita tu. Hotelini orodha ya vyumba haikulingana na ile aliyotutumia. Usiku ule nililala na hasira kifuani, na asubuhi nikaingia nayo kanisani.

Jumamosi saa saba mchana tukafika Jambiani. Viti vilikuwa vimepangwa mchangani, vitambaa vyeupe, maua, meza ya keki, na bahari iko mbali kabisa. Nikasema moyoni, angalau hili amelipatia. Akaja kijana mmoja mhudumu, akaniamkia, akasema, "Mama, leo bamvua. Maji yatafika hapa." Nikamjibu amwambie mratibu, nikaenda kutafuta chumba cha kubadilishia nguo.

Mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja hahitaji kuambiwa mara mbili. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza unaandama, maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na alasiri, kwenye saa kumi, hujaa mpaka juu. Akina mama wanaolima mwani hupanga kazi zao kwa kalenda hiyo. Kadi zetu ziliandikwa saa kumi kamili.

Saa tisa na nusu wimbi la kwanza lililamba miguu ya viti vya mbele. Hapo ndipo nilipomkabili mratibu mbele ya wakwe, mbele ya mshereheshaji, mbele ya watoto. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisimama na daftari lake mkononi, hakujibu hata moja.

Wakati mimi nasema, yule kijana na wenzake walikuwa wameshakunja suruali. Walivibeba viti vyote hadi ua wa hoteli, wakavipanga upya chini ya minazi, wakarudi kuibeba keki wanne kwa pamoja, maji yakiwa magotini. Bibi harusi aliingia akiwa amechelewa kidogo tu. Wageni wengi hata leo wanaamini kwamba ua ule ndio uliopangwa tangu mwanzo.

Sasa rudini Kana. Mabalasi sita ya mawe, yaani mitungi mikubwa ya maji, kila moja nzio mbili tatu, na wanaofafanua vipimo husema balasi moja lilichukua lita 80 hadi 120. Piga hesabu mara sita. Maji hayo yalitekwa na mikono ya watu, ndoo baada ya ndoo, "hata juu", wakati wageni wako mezani. Anayesifiwa mwishoni ni bwana arusi.

Mtazameni pia Mariamu. Aibu ilikuwa mlangoni kwa ile familia, naye alisema maneno mawili tu, "Hawana divai." Hakuuliza nani aliyehesabu vibaya. Alilipeleka jambo kwa Yule awezaye, kisha akazungumza na watumishi. Mimi nililipeleka kwa binti aliyekwisha kuzidiwa, na mtumishi aliyekuja kwangu kwa hiari yake nikampita.

Sisemi kosa lifunikwe. Fedha zilikuwa za watu, na kamati ilikaa naye baadaye, ikakata sehemu ya malipo ya mwisho. Kwa maoni yangu ilitenda haki. Lakini Mathayo 18:15 inasema ndugu akikukosa, kamwonye "wewe na yeye peke yenu." Ufukweni tulikuwa zaidi ya watu themanini.

Jumatano nilimpigia simu. Akanieleza kwamba wasaidizi wake wawili hawakuvuka kutoka Dar, na kwamba kijana yule alimwambia habari za maji saa nane, lakini yeye mwenyewe aliogopa kuja kwetu kusema tuhamishe. Alituogopa sisi. Alitaja neno hilo taratibu, na nilikaa nalo muda mrefu.

Jina la kijana sikuliuliza siku ile. Dada yangu atavuka mwezi ujao, na nimemwomba afike hotelini alitafute.

Tuombe: Bwana, wakumbuke waliobeba viti, na binti yule mwenye daftari. Utufanye watu wanaoweza kuambiwa. Amina.